Alamu ya gari inapolia usiku wa baridi: anza kwa kuangalia saa

Mwezi wa saba hapa Njombe mtu hatoki nje saa kumi alfajiri bila sababu. Sababu yangu ilikuwa kigari changu, kilichokuwa kinapiga kelele uani usiku wa tatu mfululizo, taa zinawaka na kuzima, mbwa wa mtaa mzima wamedakia. Nimejitanda blanketi, remoti mkononi, nalizunguka gari: vioo vizima, milango imefungwa, hakuna hata alama ya mguu kwenye nyasi zilizoganda sakitu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, akafungua dirisha na kusema kwa upole unaouma kuliko tusi: "Kijana, hilo gari lako linaota ndoto mbaya."

Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha alamu nzima. Wa pili alitaka kukata waya wa king'ora, tuyamalize. Wote wawili walilikagua gari saa saba mchana, jua linawaka, alamu imetulia kama maji ya mtungi. Hapo ndipo penye shida. Ugonjwa wa usiku hauonekani mchana, na baridi yenyewe haiwashi alamu. Inachofanya ni kukitoa hadharani kitu kilichokuwa kimechoka tangu zamani: betri, swichi, waya, au sensa (kile kijiboksi kinachohisi mtikisiko) iliyokazwa kupita kiasi. Kazi ni kujua ni kipi, na saa ambayo alamu inalia inakwambia mengi kabla hujashika spana.

Ninayoandika hapa yanahusu zaidi magari yetu ya mtumba kutoka Japani yaliyofungwa alamu yakiwa tayari nchini. Gari lenye alamu yake ya kiwandani lina tofauti ndogondogo, nitazigusa njiani.

Inyamazishe kwanza

Bonyeza kitufe cha kufungua kwenye remoti mara moja, kisha subiri. Kwa hofu ya majirani wengi wetu tunabonyeza mara kumi, gari linapokea fungua, funga, fungua, funga, na mwisho tunakuta tumeitega upya.

Isiponyamaza, fungua mlango kwa ufunguo na uzungushe ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake. Halafu tafuta kitufe kidogo cha dharura. Mafundi hupenda kukificha chini ya usukani, pembeni ya boksi la fyuzi, au nyuma ya kile kidroo cha kuwekea karatasi. Kwenye alamu nyingi, ukikibonyeza swichi ya gari ikiwa imewashwa, kelele zinakoma. Kama hujui chako kiko wapi, muulize aliyekufungia kesho mchana. Saa kumi alfajiri si wakati wa kupapasa nyaya gizani.

Njia ya mwisho ni kulegeza kichwa cha hasi cha betri, kwenye magari mengi ya Kijapani kwa spana namba 10. Lakini kabla ya hapo shika mambo matatu. Ufunguo uwe mfukoni mwako muda wote, maana alamu ikirudishiwa umeme inaweza kujifunga milango na ufunguo ukiwa ndani. Usichomoe fyuzi ya alamu ukitegemea kuondoka na gari asubuhi: mara nyingi waya wa stata au wa pampu ya mafuta umepitishwa kwenye relei ya alamu, ukiikata injini haiwaki. Na kama king'ora chako kina tundu dogo la ufunguo ubavuni, kina betri yake ndani. Ukikata umeme wa gari kitadhani mwizi ameanza kazi, na kitalia kwa nguvu zake chenyewe. Kizime kwa ule ufunguo wake kwanza.

Kelele zikikoma, usikimbilie kitandani. Alamu nyingi zina kumbukumbu ya kilichoziamsha. Tazama taa ndogo nyekundu ya dashibodi kabla hujawasha gari, uhesabu mimweko yake: inamweka mara mbili, inapumzika, inamweka mara mbili tena. Idadi hiyo ina maana: mlango, boneti, mtikisiko au swichi ya ufunguo. Kila aina ya alamu ina hesabu yake, na maelezo yamo kwenye kile kijitabu ambacho fundi alikutupia kwenye kiti cha nyuma. Kama kijitabu kimepotea, andika idadi hiyo hata hivyo. Itasaidia baadaye ukianza kufungua kimoja kimoja.

Daftari la saa

Kwa siku nne au tano andika saa iliyolia, hali ya hewa, na muda uliopita tangu uegeshe. Usibadilishe kitu bado.

Ikilia jioni, ndani ya saa moja au mbili baada ya kuegesha, shuku chuma kinachopoa. Injini na boneti vilikuwa vya moto, hewa ni baridi, mabati yanajikunja yakitoa ile milio ya tik, tik. Sensa yenye masikio makali inaisikia kama ngumi. Kuna alamu nyingine za zamani zinazofuatilia kushuka kwa umeme wa betri. Hizo zinaweza kuamshwa na feni ya rejeta inapojiwasha kupoza injini baada ya wewe kuondoka.

Ikilia kati ya saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri, ambapo baridi imefika chini kabisa, anza na betri, kisha swichi ya boneti. Ikilia usiku wa ukungu au manyunyu tu, hata kama baridi si kali, achana na betri. Hayo ni maji yaliyoingia kwenye swichi. Ikilia jua likishachomoza, inua macho utazame juu ya gari. Mimi nimewahi kuhangaika wiki nzima kumbe sakitu ya kwenye bati la nyumba ilikuwa inayeyuka saa moja na nusu na kudondoka matone mazito juu ya paa la gari. Nililisogeza hatua mbili. Waegeshao chini ya mikaratusi na misindano wanajua ukungu unavyojikusanya kwenye majani kisha kudondoka kama kokoto.

Na kama alamu inalia pale tu unapofungua mlango asubuhi, hiyo si ajabu ya gari. Betri ya remoti imechoka. Kwenye baridi inazidi kuishiwa nguvu, amri ya kuzima haifiki, wewe unafungua kwa ufunguo na alamu inafanya kazi iliyoajiriwa. Fungua remoti, soma namba kwenye betri (mara nyingi CR2032 bapa, au ile nyembamba ya volti 12 iliyoandikwa 27A au 23A), nunua mpya na uyaache mengine yote niliyoandika.

Betri

Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti alfajiri yetu ni ya kupulizia vidole. Makete, kwenye uwanda wa Kitulo uliopita mita 2,600, sakitu ni jambo la kawaida msimu huo. Betri ya risasi na asidi ikifika nyuzi 0 za Selsiasi hupoteza takribani theluthi ya nguvu yake ya kupiga stata. Ile iliyokuwa inajikongoja Dar es Salaam bila mtu kujua, ikipandishwa huku inaumbuka wiki ya kwanza.

Pima asubuhi kabla hujawasha gari. Zima alamu, fungua boneti, funga milango, subiri taa za ndani zizime zenyewe, halafu weka mita ya umeme kwenye volti za DC na uguse vichwa viwili vya betri. Betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 ina robo tatu. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa 12.0 au chini, usiendelee kuilaumu alamu: kifaa kinachotegemea umeme thabiti kinayumbishwa, na vingine vikiona umeme umeporomoka vinahesabu kwamba mwizi anakata waya.

Sasa mtu mwingine apige stata wewe ukiitazama mita. Namba itashuka ghafla. Ikibaki juu ya 9.6 au hapo karibu, betri bado ina kifua. Ikidondoka chini ya 9 na stata inavuta kwa kulalamika, imekwisha. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo alteneta haichaji inavyotakiwa, na kununua betri mpya ni kumwaga hela.

Kabla ya kununua chochote safisha vichwa vya betri. Ule unga mweupe wenye rangi ya kijani unaozuia umeme unaondoka kwa maji ya moto yenye magadi na mswaki wa zamani. Kinga macho, osha, kausha, kaza, paka grisi. Fuata pia waya mnene wa hasi mpaka ulipofungwa kwenye bodi. Kutu ya pale chini ndiyo wengi hatuioni.

Ikiwa betri ni nzima na bado asubuhi inasoma 12.1, kuna kitu kinainyonya. Mita iwekwe kwenye ampea 10, ipitishwe kati ya kichwa cha hasi na waya wake, gari limefungwa, subiri hadi nusu saa vifaa vyote vilale. Kawaida ni miliampea 50 au chini. Hata hizo 50 zinakula zaidi ya ampea-saa 1 kwa siku, na mtu wa safari fupifupi za sokoni na kurudi hairudishi yote. Ukikuta 200 au 300, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Redio ya kichina na chaja ya simu isiyochomolewa huongoza. Ila usithubutu kupiga stata mita ikiwa imepitishwa hapo katikati, utaiunguza.

Swichi ya boneti, mshukiwa wangu wa kwanza

Daftari langu lilisema: saa kumi, saa kumi na robo, saa tisa na dakika hamsini. Betri ilisoma 12.5. Taa nyekundu ilikuwa inamweka mara tatu. Nikafungua boneti nikaitazama vizuri ile swichi ndogo iliyosimama pembeni, yenye kichwa cha plastiki cheusi kinachobonyea. Wengi hatuijui kwa sababu haikuja na gari. Fundi wa alamu alitoboa bati akaichomeka.

Kazi yake ni rahisi. Boneti ikifungwa, inakikandamiza kile kichwa na njia ya umeme inakatika. Boneti ikifunguliwa, kichwa kinapanda, waya unagusa bodi ya gari, alamu inalia. Maana yake ni kwamba chochote kinachouunganisha waya ule na bodi, hata kama ni maji, alamu inasikia neno moja tu: boneti imefunguliwa.

Nilivyoichomoa, skrubu ilitoka na vumbi la kutu. Chini ya kile kifuko cha mpira mlikuwa na tone la maji, moja, limekaa kama machozi, na kuzunguka shaba yote kulikuwa na ukoko wa kijani. Mchana injini ina joto, tone linakauka, swichi inanyamaza. Usiku bati linapoa kuliko hewa, unyevu unajishika juu yake kama unavyojishika kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, ukoko unalowa, umeme unapata kidaraja.

Kuna na kasoro ya pili inayopenda kuandamana na hiyo: urefu. Kama kichwa cha swichi kimeguswa kwa shida tu boneti ikifungwa, nafasi ndogo sana inatosha kukiachia. Chuma cha mita moja kikipoa nyuzi 30 kinafupika karibu theluthi ya milimita, unene wa kadi ya mwaliko wa harusi, na mipira inayoibeba boneti nayo inakuwa migumu. Mchana inagusa, usiku haigusi.

Fanya hivi. Zima alamu, chomoa waya wa swichi, na uache ncha yake ikiwa imefungwa tepu ya umeme isiguse chuma. Tega alamu kama kawaida, lala. Usiku mmoja au miwili ikipita kimya na baridi ni ileile, mshukiwa umemkamata bila kutumia senti. Ukiwa na mita, ithibitishe: weka kwenye omu, mguu mmoja wa mita kwenye ncha ya swichi pale ulipouchomoa waya, mwingine kwenye bodi, kichwa ukikikandamiza kwa kidole mpaka chini. Mita isisome chochote. Ukiona namba yoyote inachezacheza, swichi inavuja.

Kusafisha kwa msasa laini kunasaidia kwa muda, kisha kutu inarudi. Swichi yenyewe ni bei ndogo, nunua mpya. Paka grisi kidogo kwenye tundu na chini ya mpira kabla ya kukaza, hakikisha bati linalogusana nayo ni safi, na kama tundu liko bondeni ambako maji hutuama, mwombe fundi alihamishie pahali palipoinuka. Urefu upime kwa kipande cha udongo wa mfinyanzi au unga uliokandwa: kiweke juu ya kichwa cha swichi, funga boneti, fungua. Ukikuta udongo umebaki mnene, boneti haiifikii swichi vizuri. Inua swichi kwa washa (kile kipete cha bati), au shusha kidogo mipira ya boneti kwa kuizungusha.

Milango na buti

Swichi za hapa ni ndugu wa ile ya boneti, kwa hiyo sitarudia. Dalili yake ni taa ya ndani kuwaka hafifu au kumweka gari likiwa limefungwa. Keti ndani usiku, taa ikiwa kwenye nafasi ya mlango, na usukume kila mlango kwa bega kutoka ndani. Taa ikijitikisa umeupata mlango. Magari ya zamani yana swichi ya mpira kwenye fremu ya mlango. Grisi yake ikishachanganyika na vumbi, kwenye baridi inaganda na kichwa kinakwama. Kwenye magari mapya zaidi swichi imo ndani ya kitasa, na dawa yake ya kwanza ni kupuliza kisafishio cha vifaa vya umeme kwenye kitasa kisha kuufungua na kuufunga mlango mara ishirini. Buti lisisahaulike: waya zake zinapita kwenye bomba la mpira karibu na bawaba, zinakunjwa kila siku, na ganda lililokakamaa kwa baridi linapasuka hapo hapo.

Sensa ya mtikisiko

Kijiboksi kidogo, mara nyingi kimefungwa chini ya dashibodi, kina tundu la skrubu na taa moja au mbili. Mafundi wengi wanaikaza mpaka mwisho ili mteja aridhike pale gereji: gonga kioo, inalia, umeona kaka, lipa. Usiku lori la mbao likipita barabara ya Songea inalia pia.

Kwanza shika kijiboksi chenyewe. Kama kimebandikwa kwa tepu ya pande mbili, baridi na vumbi vimeshaikausha gundi na kinaning'inia, kinacheza. Kifunge kwa mkanda wa plastiki kwenye chuma kisichotikisika. Ndipo upunguze ukali, na hapa wengi wanakosea: usirekebishe mchana. Toka saa tatu au nne usiku, gari limepoa, uwe na bisibisi ndogo. Zungusha skrubu kidogo sana kuelekea upande wa kupunguza, yaani kiasi cha dakika tano kwenye uso wa saa, tega alamu, subiri dakika nzima, halafu gonga nguzo ya katikati ya gari kwa ngumi iliyovikwa kitambaa. Unataka pigo dogo litoe mlio mmoja wa onyo na pigo kubwa ndilo liamshe king'ora. Rudia mpaka ufike hapo. Majirani waarifu kabla. Mimi nilimpelekea mwalimu viazi kwanza.

Magari mengi ya Ulaya yana pia macho ya sauti ndani, yanayosikiliza hewa ikitembea. Hayo yanaamshwa na dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja au pambo linaloning'inia kwenye kioo. Funga vioo vyote, ondoa pambo. Mengi yana kitufe cha kuyazima kwa usiku mmoja.

Ukiamua kwenda kwa fundi

King'ora chenye betri yake ndani kinastahili kushukiwa kama gari limezeeka na yote hapo juu ni mazima. Vile vibetri vya ndani vikifa au kuvuja, king'ora kinalia hovyo hata alamu yenyewe haijakiamuru; utakijua kwa sababu kinalia bila taa za gari kumweka. Hicho hubadilishwa.

Vinginevyo nenda na daftari. Ukimwambia fundi "alamu inalia ovyo" atabadilisha kile alichonacho dukani. Mwambie: inalia saa kumi alfajiri, usiku wa ukungu, taa inamweka tatu, betri ilisoma 12.5, na nilipochomoa waya wa boneti ililala siku mbili. Mwombe akabidhi kitu cha zamani mkononi mwako kabla ya kufunga kipya, akuoneshe kitufe cha dharura kilipo, na akuachie kijitabu. Na gari lilale kwake usiku mmoja, nje, pasipo paa. Wangu alikataa mara ya kwanza, akasema kwake kuna watoto wadogo wamelala.